Nta Juu ya Paa la Gari la Harusi

Fundi alikuwa na tabia ya kugusa kitambaa kwa mgongo wa mkono. Alisema vidole vya mshonaji vimeshakufa ganzi kwa sindano, vinasema uongo. Ukimletea kiti cha gari, turubai la lori au la bajaji, kabla hajakuuliza shida ni nini alikuwa ameshaupitisha mkono wake juu yake, polepole, macho ameyapeleka kwingine kabisa, kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa kwa mbali. Halafu ndiyo anakugeukia na kukugombeza.

Maana kugombeza nako alikuwa fundi. Kibanda changu kilikuwa ubavuni mwa chake pale Mtoni, tumetenganishwa na kipande cha bati tu. Mimi nashona mapazia na sare za shule, yeye anashona vitu vya magari. Kwa miaka kumi na moja nilisikia kila alilomwambia kila mteja. Dereva wa bajaji aliyekuja na turubai limechanika aliambiwa kwamba hakuchana turubai, amechana heshima ya aliyelishona. Mwenye lori aliyetaka kazi iishe siku hiyo hiyo aliambiwa aende kwa wanaopika chapati, huko ndiko mambo yanaiva upesi. Watu walinuna, wakaondoka, na wiki ileile wakarudi. Hakuna aliyeshona kama yeye kuanzia Buguruni mpaka Mbagala, na yeye mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi.

Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitumia enzi zake za kazi na sitalitumia leo. Tulimwita Fundi. Yeye aliniita jirani. Asubuhi nikifika nilimwamkia, "Shikamoo Fundi," naye angejibu bila kuinua kichwa, "Marahaba jirani, umechelewa," hata kama nimefika kabla ya jua.

Usafi wake ulikuwa wa namna yake. Kibanda chake kilijaa vipande vya sponji, misumari na makopo ya gundi, huwezi kupita bila kukanyaga kitu. Lakini kitambaa alichokuwa akikifanyia kazi hakikuguswa na vumbi. Alikuwa na shati moja la kazini lililochanika kwapani miaka yote ile. Nilimwambia mara ngapi anipe nilishone? Akasema fundi hajishonei. Nikamwambia mie si yeye, nipe. Akacheka, na shati likabaki vilevile.

Na alikuwa mkarimu kwa siri. Mimi ni Mkristo, kwetu Songea. Kila Krismasi alifunga kibanda mapema akaja kwangu kula, amevaa kanzu na kofia, akakaa na wanangu mpaka jioni. Kila Idi sahani ya pilau ilipita juu ya lile bati kabla hata ndugu zake hawajala. Mume wangu alipolazwa, Fundi alikuja hospitali siku nne mfululizo. Haongei, anakaa tu kwenye benchi la nje, na muda wa kuona wagonjwa ukiisha anaondoka. Nilimuuliza kwa nini haingii ndani. Akasema mgonjwa hataki sura yangu, anataka kujua kuna watu nje.

Nayasema haya mapema ili mtu asimwone mbaya nikifika kwenye habari ya bintiye.

Mke wake alifariki binti akiwa sekondari, na Fundi hakuoa tena. Alimlea yule mtoto kwa msaada wa dada yake anayeishi Mbagala. Binti alisoma, akawa mwalimu wa shule ya msingi huko huko Mbagala, na jioni nyingi alipitia kibandani kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Wakigombana, mtaa mzima unasikia. Baba anamwambia umekonda, binti anamwambia hilo shati nitalichoma moto. Halafu anavua viatu, anakaa kwenye cherehani ya baba yake, anamalizia mshono uliobaki. Mshono wake ulinyooka kuliko wa Fundi. Yeye mwenyewe Fundi aliniambia hivyo siku moja, akaniapisha nisimwambie.

Binti akapendana na mwalimu mwenzake. Kijana mpole, wa Mbeya, Mkristo.

Wazee wa kijana walikuja kuposa pale pale kibandani, kwa kuwa Fundi alikataa kuwapokea nyumbani. Mimi nilikuwa upande wangu, mkasi mkononi, sikati chochote. Aliwaagizia soda. Aliwauliza habari za safari, za mvua za huko kwao, za mahindi. Walipotaja lililowaleta, akawaacha wamalize kila neno, kisha akasema, "Mmekuja vizuri, wazee wangu. Rudini vizuri." Basi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Wiki zile nilithubutu kumuuliza. Nilimwambia, "Fundi, kwani mie nani? Si Mkristo mie? Mbona unakulaga kwangu?"

"Wewe ni jirani."

"Na yule?"

"Yule anataka kunichukulia mtoto."

"Angekuwa Mwislamu asingemchukua?"

Akashika mkasi wake, akaukagua makali kana kwamba ndio kwanza anauona. "Jirani," akasema, "dini yangu hainiruhusu kusimama pale nikamwozesha. Hilo usinibishie."

Sikumbishia. Sikuwa na haki. Lakini binti naye hakuwa ameliomba hilo. Waliamua kufunga ndoa ya bomani, yeye abaki na dini yake na mwenzake na yake, halafu iwepo sherehe ndogo Kinondoni. Kadi alimletea baba yake kwa mkono wake. Alisimama mlangoni na gauni lake la kazini, vumbi la chaki bado mikononi.

"Baba, sikuombi uniozeshe. Nakuomba uje ukae tu."

Fundi alikuwa anashona kiti. Aliendelea kushona. Binti akasubiri mpaka uzi ukaisha, na ulipoisha, Fundi akatia uzi mwingine. Binti akaiweka kadi juu ya meza ya cherehani, akavaa tabasamu la kuniaga mimi, akaondoka.

Alhamisi ya wiki ya harusi, mchana, gari likaegeshwa mbele ya vibanda vyetu. Lilikuwa jeupe, la yale magari ambayo paa lake ni la kitambaa, unalikunja nyuma ukitaka kukaa wazi. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, anayefanya kazi ya mapambo ya maharusi na kukodisha hilo gari kwa kubeba bibi harusi. Alishuka anakaribia kulia.

"Fundi, nimeharibu. Nimeharibu mwenyewe kwa mikono yangu."

Paa lilikuwa jeusi, lakini halikuonekana jeusi tena. Lilikuwa limepauka madoa madoa, kama goti la mtoto asiyepakwa mafuta. Alikuwa amenunua nta ya kung'arishia magari, akaipaka gari zima, na alipofika juu akaona si vibaya na paa nalo ling'ae. Ikanyesha, likapigwa na jua, nta ikaganda ndani ya nyuzi. Alijaribu kusugua na kitambaa chenye maji ya moto, ndiyo ikazidi kuenea.

Fundi akapitisha mgongo wa mkono. Nilisubiri kelele, zikaja.

"Mama, nta ni ya bati. Hii ni nguo! Wewe unaweza kupaka mafuta ya kupikia kwenye kanga ukasema inang'aa?"

"Nigombeze tu, baba, lakini nisaidie. Jumamosi nina harusi. Bibi harusi ana magari mengine matatu ya kuchagua, akachagua hili kwa sababu ya hilo paa. Ananiambia baba yake anashona haya maturubai, tena huku huku Mtoni. Ni mwalimu, wa Mbagala."

Mkono wa Fundi ulikuwa bado juu ya paa. Akauliza, kwa sauti ya kawaida, "Anaitwa nani?"

Mama wa mapambo akataja jina.

Nilidhani atamwambia aondoe gari lake. Lori la mchanga likapita barabarani. Kisha Fundi akasema, "Liache hapa. Njoo kesho jioni."

Mengi kuhusu kazi yake nimeyasahau, lakini ile naikumbuka yote. Alilisogeza gari kivulini. Alikwenda dukani akarudi na brashi mpya laini, ya viatu, na sabuni ile ya kufulia nguo za watoto wachanga. Mtu aliyepita akamshauri atumie petroli, itakula nta mara moja. Akamwambia petroli itakula nta, na gundi, na mpira wa ndani, na mwisho itamla na mshauri. Maji hakuyagusa kwanza. Alianza na brashi kavu, upande mmoja tu, kufuata nyuzi zilivyolala, na unga mweupe wa nta ukawa unaruka kidogo kidogo. Aliniambia ukiweka maji kabla ya kuipiga brashi umeizika humo humo. Pale penye mishono, brashi isipofika, alichukua utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa kuzuia rangi ukutani, akawa anaubandika na kuubandua, anaubandika na kuubandua, kila mara anaugeuza kuangalia kilichong'oka. Alifanya hivyo mpaka jua la Alhamisi likashuka.

Ijumaa alikuja mapema. Ndipo akatumia maji, ya vuguvugu, ya sabuni, lakini anachota povu tu juu yake. Kipande cha ukubwa wa sahani, anasugua kwa mzunguko mdogo, anakandamiza taulo, anaacha, anarudia. Alikwenda kuswali, akarudi, akaendelea. Wateja waliokuja walirudishwa kwa kuinuliwa mkono.

Alasiri nikashindwa kunyamaza.

"Kesho utakwenda?"

"Mie nasafisha gari la mteja, jirani."

"Sikuulizi gari."

Akakamua taulo. Maji yalitoka ya kijivu. "Unajua nini kibaya cha nta?" akasema. "Haikusudii ubaya. Inataka kuling'arisha tu. Inaziba kila kitundu mpaka nguo haipumui."

 Nilidhani anajisema mwenyewe, lakini mpaka leo sina hakika. Huenda alikuwa anamsema yule kijana.

Jioni paa lilikuwa jeusi kama siku lilipotoka kiwandani. Karibu na kioo cha nyuma palikuwa na mshono ulioanza kuachia, hakuna aliyekuwa amemwomba aushughulikie. Akachukua sindano iliyopinda, akaushona kwa mkono, amepiga magoti. Mama wa mapambo alipofika akapiga kigelegele pale pale njiani.

"Fundi, nimpe salamu gani bibi harusi? Nimwambie nani kamwokolea harusi yake?"

"Mwambie dereva asilikunje paa likiwa na unyevu," akasema Fundi, akaingia ndani.

Mimi nilikwenda kwenye harusi. Yeye siku hiyo alifungua kibanda kama kawaida. Nilipopita asubuhi nimevaa vitenge vyangu, alikuwa anakata sponji, akaniambia nimependeza.

Binti alikuwa anatazama juu ya bega langu kila mara nikimsogelea, anaangalia kama kuna mtu nyuma yangu. Wakati watu wanakula akanivuta pembeni.

"Hakuja."

"Hakuja, mwanangu. Ila gari lile amelisafisha yeye. Siku mbili."

Nilidhani namfariji. Akasema, "Najua. Niliuona mshono wake nyuma, tangu tunapanda." Macho yakamjaa, akayazuia yasiharibu vipodozi. "Gari kalipatia siku mbili, mama. Mie hata saa moja."

Maneno hayo sikumfikishia Fundi. Nilimwambia tu kwamba sherehe ilikuwa nzuri na watu walikula wakashiba. Akauliza kama gari lilipita kwenye vumbi. Nikasema kidogo. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake.

Baada ya hapo mimi nikawa daraja. Binti hakuacha kunipigia. Mtoto wao alipozaliwa, wa kike, picha zilikuja kwenye simu yangu. Fundi alifuta mikono kwanza, mbele na nyuma, ndipo akaishika simu. Alizitazama muda mrefu. Nilimwambia, "Nenda ukamwone, si mbali, ni Kinondoni tu hapo." Akasema atakwenda baada ya Mfungo. Mfungo ukaisha, akasema baada ya mvua. Mvua zikaisha, kulikuwa na kazi ya malori manane. Alikwishanunua kagauni, kalikaa kwenye mfuko wa nailoni kwenye msumari mpaka nikajua kwamba mtoto hakamwenei tena. Binti naye alikuwa na kichwa cha baba yake. Alisema mlango wake uko wazi, lakini yeye alishakwenda kuomba mara moja, hatakwenda mara ya pili. Sikumlaumu. Nilisukuma huku, nikasukuma kule, nikachoka.

Mtoto hajafikisha miaka mitatu, mama yake alipata mimba nyingine. Presha ikampanda mimba ikiwa ya miezi minane. Walimkimbiza hospitali na hakutoka, yeye wala kichanga.

Mkwe ndiye aliyekuja kumwambia. Asubuhi, watu ndiyo kwanza wanafungua. Nilimwona anavuka barabara peke yake, amevaa kandambili za kuogea, nikajua. Alisimama mlangoni kwa Fundi, palepale aliposimama mkewe na kadi.

"Shikamoo baba."

Hawakuwa wamewahi kuonana ana kwa ana. Fundi alimtazama usoni, akazitazama kandambili, cherehani ikasimama yenyewe.

"Lini?" akauliza.

"Alfajiri." Kisha kijana akasema, kwa shida, "Mwenzangu hakubadili dini, baba. Mzikeni mnavyozika. Mimi sina neno. Naomba tu niwepo."

Fundi akainuka.  Akamshika yule kijana mkono, kwa mikono yote miwili, na wakabaki hivyo mpaka mimi nikaja nikawakalisha.

Binti alizikwa Mbagala. Mama mkwe wake alikuja kutoka Mbeya usiku kucha kwa basi, akajifunika kanga kichwani, akakaa chini mkekani na sisi wanawake, akalia kama aliyemzaa. Wanaume waliporudi makaburini, Fundi alikuja moja kwa moja nilipokuwa. Viganja vyake vilikuwa na udongo.

"Jirani," akaniambia, "mie nilikuwa nasubiri siku nzuri."

Nikamletea maji anawe.

Baada ya arobaini alirudi kazini, na watu wakaanza kusema Fundi amekuwa mpole. Kweli hakumgombeza mtu tena. Mtu akitaka kazi ya haraka anampa ya haraka. Akiletewa uzi mbovu anashonea uzi mbovu. Wateja walifurahi, na mimi nilikuwa nasikiliza upande wa pili wa bati nikitamani amtukane mtu japo mmoja. Niliposema shikamoo, alijibu marahaba, na neno la kuchelewa hakulitia tena. Mwaka uliofuata macho yakaanza kumsumbua, akauza cherehani, akahamia kwa dada yake. Kibanda chake sasa kuna mtu anatengeneza simu, anapiga singeli kutwa nzima.

Fundi nilimwona tena mwaka jana, Jumapili moja, Kinondoni. Nilikuwa nimepeleka mapazia kwa mteja, na wakati wa kurudi nikapita mtaa wanaokaa mkwe wake na mtoto. Alikuwa amekaa kwenye benchi la duka nje ya nyumba yao, amekonda, miwani mizito usoni. Pembeni yake mjukuu, tayari ana miaka sita, miguu haifiki chini, anakunywa soda kwa mrija. Nilipolisogelea duka kununua maji, Fundi hakunitambua mpaka nilipoongea.

"Jirani!" akasema, akataka kusimama, nikamzuia.

Akaniambia anakuja kila Jumapili. Mkwe wake anamfuata Mbagala asubuhi na kumrudisha jioni. Anamwita baba. Alisema hayo kama mtu anayeungama, sauti ya chini, huku anamtazama mtoto asisikie.

Mtoto alikuwa anasikia kila kitu. Akauachia mrija.

"Babu, mbona kwenye picha za harusi ya mama haumo?"

Nikadhani atamwambia alikuwa kazini. Angeweza, na hata mimi ningemtetea. Fundi akavua miwani, akaishika magotini.

"Niliitwa, sikwenda."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Nilikuwa mzima."

"Sasa?"

"Kiburi."

Mtoto akalifikiria neno. "Kiburi ndo nini?"

 Dukani mtu aliomba sukari akapewa, akaondoka.

"Ni pale watu wako wanakungoja," akasema, "na wewe unajua kabisa kwamba wanakungoja, na njia unaijua, na miguu unayo. Halafu unakaa."

Mtoto akamtazama kwa ukali, akamnyooshea kidole, kwa sauti ileile ambayo bila shaka yeye mwenyewe huambiwa akimwaga chai.

"Usirudie tena."

"Sirudii, mama," akasema Fundi. "Sirudii."

Mtoto akaridhika, akarudi kwenye soda yake.